Tuta la nyaya lililomwangusha mzee wetu wa masjala

Mzee wetu wa masjala alianguka. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu wananicheka kabla sijafika mwisho: alijikwaa kwenye kifuniko cha nyaya, kile kile nilichokinunua ili asijikwae kwenye nyaya. Alikuwa amebeba mafaili hadi kidevuni, haoni miguu yake, na ncha ya lile dude ilikuwa imenyanyuka kama ulimi. Mguu ukaingia chini yake. Mafaili yakaruka, miwani ikaishia chini ya meza ya mhasibu, mzee akapiga goti sakafuni kwa kishindo kilichonyamazisha ofisi nzima. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Goti lilivimba siku kadhaa akawa anashuka ngazi kwa ubavu. Lakini alichosema wakati tunamwinua ndicho kinachonikosesha usingizi: "Mwanangu, zile nyaya nilikuwa nimeshazizoea."

Na kweli alikuwa amezizoea. Zilikatiza njia tangu tulipohamishia mashine ya fotokopi katikati ya chumba, na kila mtu alikuwa amejifunza kunyanyua mguu akifika pale. Tulizibandika kwa selotepu, selotepu ikabanduka, tukabandika tena. Mimi ndiye ninayeagiza vifaa vya ofisi, basi nikajitia ujuzi nikasema tununue kifuniko cha mpira, haya mambo ambayo wengine wanayaita matuta ya nyaya.

Nikampigia muuzaji. Nilikuwa na maswali matatu nimeyaandika kwenye karatasi: ni mpira kweli au plastiki, kitalala sawasawa sakafuni, na tundu lake linameza nyaya ngapi. Sikumaliza hata la kwanza.

"Dada yangu, mpira ni mpira."

Kwa sauti ile ya mtu anayeongea nawe huku anamhesabia mteja mwingine chenji. Nikarudia swali.

"Nimekwambia, mpira ni mpira. Unataka mita ngapi?"

Nami, kwa ujinga wangu, nikataja mita.

Kilikuja kimeviringishwa, kimejikunja kama jongoo aliyeguswa. Nilikikunjua sakafuni, nikasimama juu yake, nikashuka, kikajikunja tena mbele ya macho yangu. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wanatazama. Nikaweka katoni za karatasi kwenye ncha zote mbili zikakaa hapo tangu Ijumaa mpaka Jumatatu. Nilipoziondoa kikalala vizuri, nikajisifu moyoni. Kufika mchana ncha ya upande wa mlango ilikuwa imeshaanza kutazama dari. Nikatia gundi ya pande mbili. Ikashika siku mbili, labda tatu. Halafu ndio mzee akapita na mafaili yake.

Siku ile nilimpigia muuzaji nikiwa natetemeka. Sikumsalimu, na mimi si mtu wa kutosalimu watu. Nikamwambia mpira wako umemwangusha mtu mzima. Akanijibu, tena bila haraka: "Umekiweka vibaya. Wote walionunua hakuna aliyelalamika." Nikapandisha sauti. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu bosi wangu anasoma. Yeye akangoja nimalize, kisha akauliza swali moja tu:

"Umetia nyaya ngapi?"

Nikanyamaza.

Nilikuwa nimetia nne. Tundu lilikuwa la nyaya mbili, na hata hizo mbili ziwe nyembamba. Nilikuwa nimezisukuma kwa kidole gumba mpaka kucha ikauma, ule mpasuo wa chini ukabaki wazi kama mdomo, na tumbo la kifuniko likawa halifiki sakafuni. Gundi ilikuwa inashika hewa. Nilikata simu bila kumjibu, na hasira yangu kwake ikaongezeka mara mbili kwa sababu sasa alikuwa na haki kidogo. Kidogo tu! Swali hilo lilikuwa langu, la tatu kwenye karatasi, na yeye ndiye aliyenikatiza kabla sijaliuliza.

Usiku huo nilikaa na simu nikitafuta silaha za barua ya malalamiko. Nikakuta kwamba hata Uingereza, taasisi yao ya HSE inayosimamia usalama kazini hutaja kuteleza na kujikwaa miongoni mwa sababu kubwa za watu kuumia kazini. Nikakuta pia viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu: kitu kilichoinuka sakafuni kikizidi kama milimita 6 lazima ukingo wake uwe na mteremko, na kikizidi kama 13 kinahesabiwa kuwa kinahitaji rampu. Asubuhi nikapiga magoti na rula. Tuta langu lilikuwa na milimita 18 pale katikati, na kingo zake ziko wima kama za kizingiti cha mlango. Tena ni jeusi, juu ya sakafu ya kijivu iliyokolea, kwenye kona ambayo taa yake imeungua muda mrefu. Mzee wa watu macho si ya ujana. Angeliona wapi?

Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota moja na kumalizia hapa. Bahati mbaya, au bahati nzuri, bosi akamwita fundi umeme aangalie.

Fundi ni kijana mpole asiyependa maneno mengi. Alikivuta kifuniko chote kando, akachuchumaa, akagusa nyaya kwa mgongo wa mkono. Akaniita, "Mama, njoo ushike hapa." Nikashika. Waya wa fotokopi ulikuwa na joto. Si la kuunguza, lakini joto ambalo sikulitarajia chini ya kitu nilichokiweka kwa ajili ya usalama. Akanieleza kwamba waya unaobeba mzigo mkubwa wa umeme hutoa joto, na ukiusonga na wenzake ndani ya mpira joto linakosa pa kutokea. Halafu akavuta zaidi, akakuta nilichokuwa nimekificha: plagi ya ekstensheni imeingia kwenye ekstensheni nyingine, kiungo chenyewe nimekilaza ndani ya tuta kwa sababu nilikiona kinachafua sura ya ofisi. Alitikisa kichwa tu. Nilitamani afoke.

Kwa maneno yake, kifuniko kinahitaji waya mmoja mzima usio na kiungo, na maungio yabaki nje mahali mtu anayaona. Waya wa intaneti uwe na tundu lake mbali na wa umeme. Maji ya kupigia deki yakimwagika, tuta haliyazuii, yanapita chini na kukaa humo humo na nyaya. Na kama waya utakaa pale miezi na miaka, basi pale pana haja ya soketi, si tuta. Aliniambia hata kanuni za usalama kazini za Marekani, zile za OSHA, zinakataza waya wa kunyumbulika kugeuzwa mbadala wa waya wa kudumu ukutani. Nikamuuliza soketi ya katikati ya chumba inachukua muda gani. Akacheka, akasema muulize bosi. Bosi alikuwa ameshaondoka.

Basi ikabidi kununua kingine. Na hapa ndipo mtaniona kichaa: nilirudi kwa yule yule muuzaji. Wengine niliowapigia hawakujua hata ninazungumzia nini, na yeye, pamoja na jeuri yake, aliuliza swali la nyaya ngapi.

Safari hii sikukubali simu. Nilikwenda mwenyewe nikasimama mbele yake na karatasi yangu. Nikamwomba vipande viwili, cha plastiki na cha mpira, nikavikunja mbele yake na kuviachia. Cha plastiki kilibaki na umbo la mkono wangu. Cha mpira kilirudi taratibu kikalala. "Ndio hicho," akasema, kana kwamba ni yeye aliyenifundisha. Kile cha kwanza, kumbe, kilikuwa plastiki laini iliyotiwa rangi nyeusi, aina inayokakamaa kwenye ubaridi, na ofisi yetu ina kiyoyozi kinachowafanya watu wavae masweta. Angeniambia nikilaze juani kimekunjuliwa nusu siku kabla ya kukiweka, mviringo ule ungelegea. Neno moja! Mpira ni mpira, eti.

Nilichonunua ni kipana, kina matundu matatu yaliyotengana, kingo zake zinashuka polepole mpaka zinakuwa nyembamba kama kadi, na kina mistari ya njano mgongoni. Kina uzito, nilikibeba begani kama nyoka aliyekufa. Nikafagia sakafu, nikaipangusa kwa kitambaa kibichi, nikasubiri ikauke, mambo ambayo mara ya kwanza sikuyafanya. Kikalala. Toroli la karatasi likapita juu yake likasema "dup" na kuendelea. Mhasibu, ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote, akapita mara mbili makusudi akasema si kibaya. Waya wa fotokopi uko peke yake kwenye tundu lake, nimeugusa kila siku wiki nzima, hauna joto la kusemwa.

Nilifurahi mno, nikaanza kuandika haya yote kama sifa. Nyota nne. Nilikuwa nimeshaandika hata sentensi ya kumwombea msamaha yule muuzaji.

Kisha msafishaji wetu akakinyanyua apige deki chini yake. Akaniita. Kwenye sakafu ya vinili, kuanzia ukutani hadi kwenye mashine, palikuwa na mchirizi wa rangi kama kutu, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Tulisugua kwa sabuni. Tukasugua kwa spiriti. Haukutoka hata chembe. Nikasoma tena usiku, maana ndiyo kazi yangu siku hizi, nikaambulia kwamba dawa zinazotiwa kwenye mpira ili usipasuke upesi huhamia kwenye vinili zinapogusana kwa muda, na rangi hiyo haikai juu, inaingia ndani. Hata mazulia ya mlangoni yenye mgongo wa mpira hufanya hivyo. Kwenye vigae au zege nisingekuwa na habari hii kabisa. Kwenye vinili ulitakiwa utandike kitu katikati kisicho mpira.

Simu ya tatu. Alinijua kwa sauti.

"Ah, dada wa mpira! Kimejikunja tena?"

Nikamweleza. Kimya kidogo. Kisha: "Hukuniambia sakafu yako ni ya vinili."

"Hukuniuliza."

"Sakafu si yako?"

Naapa, kama simu ingekuwa na mlango ningeubamiza. Mtu anauza kitu cha kulala sakafuni maisha yake yote, anajua kabisa kinafanya nini kwenye sakafu ya aina gani, na anangoja mteja aje na elimu yake kutoka nyumbani. Ndilo linaloniuma kuliko mchirizi. Bidhaa yenyewe sina ugomvi nayo, hiyo ya pili. Ya kwanza ningeitupa, lakini fundi aliikata vipande vifupi vinavyofunika waya mmoja mmoja nyuma ya meza, kule pasipopita mtu, na huko inafanya kazi safi kabisa. Kwa hiyo hata hiyo siwezi kuisema vibaya kama nilivyotaka.

Nyota, basi. Cha plastiki moja, au mbili kama unakiweka ukutani kwa waya mmoja. Cha mpira nne, na tatu kwenye vinili. Huduma sifuri, ingawa mfumo hauruhusu sifuri, na ingawa wiki hii yule bwana amemtuma kijana kuniletea kipande cha zulia jembamba nikitandike chini, bila kunitoza kitu na bila kusema pole. Mchirizi upo pale pale. Ombi la soketi liko mezani kwa bosi, chini ya maombi mengine.

Mzee wa masjala amerudi kwenye mafaili yake. Nimemwonyesha tuta jipya, nimelipita mbele yake huku na huku, nimemwonyesha mistari ya njano. Bado anazungukia upande wa dirishani, hatua kumi na kitu zaidi, na mafaili yamemfika kidevuni. "Hilo," ananiambia, "sijalizoea."