Slax kwenye flashi: vipande ndivyo vinavyoipa thamani

Assalamu aleikum na habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nipo hapa Ngamiani, Tanga, na mezani nina flashi ya GB 8 na laptopu ya mtumba iliyotolewa hadi diski. Nafasi ya diski mnaiona, tupu. Nachomeka flashi, nawasha, nabonyeza F12 (kwenye mashine yako inaweza kuwa F9 au Esc), nachagua USB. Maandishi yanapita... haya, skrini ya kazi hiyo imekuja. Huu ni mfumo endeshi wa Slax, kazi ya Tomáš Matějíček wa Jamhuri ya Czech, na toleo hili la 12 limejengwa juu ya Debian, mojawapo ya mifumo ya familia ya Linux, ambayo hutumika badala ya Windows.

Wanaosifia Linux za aina hii mara nyingi husifia wepesi, wakaishia hapo. Wepesi upo, faili la kupakua halifiki MB 500. Ila kama unatafuta udogo tu, Linux nyingine iitwayo Tiny Core ina MB 20 na ushee, Slax haiisogelei. Mimi nimeileta Slax kwa sababu ya jinsi ilivyokatwa vipande, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Tufungue flashi. Kuna folda inaitwa slax, na ndani yake mafaili haya: 01-core, 02-xorg, 03-desktop, 04-apps, yote yanaishia na .sb. Hizo ndizo moduli. Kila moja ni faili lililobanwa, linasomeka lakini haliandikiki. Kompyuta ikiwaka, Slax inazipanga moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotpoti, na wewe unaona mfumo mmoja. Ukibadilisha kitu, ukasimika programu, ukageuza picha ya nyuma, mabadiliko yanakaa tabaka la juu kabisa. Za chini haziguswi. Ukitaka yahifadhiwe, yanaingia kwenye folda ya changes humuhumu kwenye flashi. Usipotaka, unachagua hivyo kwenye menyu ya kuwashia, na ukizima kompyuta yote yanapotea.

Sasa nyie wenye steshenari, hili ni lenu. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kompyuta moja inakaliwa na wanafunzi kutwa nzima. Huyu anaondoka barua pepe iko wazi, yule nywila yake imebaki kwenye kivinjari, mwingine kaacha picha ya kitambulisho cha NIDA. Hilo linaniuma, kwa sababu ni taarifa za watoto wa watu. Ukiwasha Slax bila kuhifadhi mabadiliko, mteja akimaliza unawasha upya na anayefuata anakuta mfumo safi. Na vile virusi vinavyogeuza folda za flashi kuwa shotikati vimeandikwa kwa ajili ya Windows, huku havifanyi kazi. Lakini ukienda kuichomeka flashi hiyohiyo kwenye Windows yenye virusi, mafaili yako yanaweza kufichwa au kufutwa kama kawaida, kwa hiyo uwe na nakala pembeni.

Haya, kutengeneza moduli. Nimewasha upya bila kuhifadhi. Nafungua tamino, yaani dirisha la kuandikia amri, naandika apt update, kisha apt install libreoffice, ambayo ni programu za ofisi za kuandikia barua na majedwali. Hapa bando linaliwa, sikufichi. Ikimaliza naandika savechanges ofisi.sb, na faili linalotoka nalinakili kwenye folda ya modules. Basi. Kuanzia sasa kila nikiwasha, LibreOffice ipo. Nikiwa siitaki, nalitoa faili hilo, nawasha upya, na haijaacha takataka yoyote nyuma. Angalizo: fanya usimikaji huo peke yake, usianze kufungua barua pepe zako katikati, maana amri ya savechanges inakusanya yaliyobadilika kwenye mfumo tangu ulipowasha.

Na uzuri wake ndio huu. Bando nimelilipia mara moja. Mwalimu aliyeko Muheza au Pangani mwenye Slax ya toleo hilihili namnakilia ofisi.sb kwenye flashi yake, naye anafundisha bila kugusa intaneti. Kwa Linux ya kawaida iliyosimikwa kwenye diski, kumpa mtu programu bila mtandao ni kazi ya fundi. Hapa ni kunakili faili, hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Kwa shule zetu sijaona faida kubwa kuliko hiyo.

Menyu ya kuwashia ina chaguo la kupeleka mfumo wote kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukilichagua unaweza hata kuchomoa flashi, na kazi inakwenda kasi, ila ujiandae RAM ya kutosha. Kwenye mashine ya GB 1 sikushauri. Na hata ukiwasha kawaida, mashine hiyo ukiifungulia kurasa nyingi nzito itakukwamia. Slax haiongezi RAM.

Mapungufu yapo. Nywila ya msimamizi ni toor, na dunia nzima inaijua, kwa hiyo ibadilishe mapema kwa amri ya passwd ukiwa kwenye hali ya kuhifadhi. Mafaili yako kwenye flashi hayajafungwa kwa nywila, ukiipoteza kwenye daladala aliyeiokota anasoma kila kitu. Kuichomoa ovyo wakati inaandika kunaharibu data, na flashi za bei ya kutupa hufa upesi zikiandikwa kila saa. Printa nayo ijaribu kabla hujamwambia mteja alete kazi: utahitaji CUPS, programu ya Linux inayoendesha printa, ambayo unaweza kuifanya moduli kama tulivyofanya, na kuna printa ambazo draiva yake ya Linux, yaani programu ya kuitambulisha printa kwa kompyuta, haipatikani.

Kwa mtu mwenye laptopu moja nzuri, yake peke yake, ningemwambia asimike Debian kamili. Slax naipendekeza kwa steshenari, kwa maabara ya shule na kwa anayeazima kompyuta za watu. Mashine kongwe ipe Slax ya biti 32, nyingine ya biti 64. Toka kwenye faili ulilopakua, nakili folda ya slax kwenye flashi, ingia slax kisha boot, na kama uko kwenye Windows endesha bootinst.bat, inayoifanya flashi iweze kuwasha kompyuta. Kabla ya kuiendesha hakikisha uko ndani ya flashi, si kwenye diski ya kompyuta.