Wamemsafisha Mwenda mpaka vidole vikatoweka: uzoefu wangu na duka la kuhamisha diski hapa Lubumbashi

Ningeandika siku ileile ningetukana. Nimengoja hasira ipoe, haikupoa, basi naandika hivyohivyo.

Nilipeleka diski tatu za marehemu baba kwenye duka moja la katikati ya mji. Wanasema wanahamisha muziki wa zamani kutoka kwenye diski na kanda na kuuweka kwenye kle ya USB. Jina lao silitaji, wenyewe watajijua. Baba alizihifadhi diski zake kwenye sanduku la mbao, kila moja imefungwa gazeti, tangu tulipokuwa tunaishi kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa lile sanduku. Jumapili baada ya misa alikuwa analifungua mwenyewe, anafuta diski kwa kitambaa cha pamba, anaishika ukingoni kwa viganja, na sisi tunakaa chini kwenye simenti, kimya. Sasa mashine yake imekufa, sindano haipatikani, na mimi nilitaka tu wanangu wasikie.

Niliwakuta vijana wawili na patroni wao. Bei dola 20, avansi 10. Nikaitoa bila kubishana. Nikaifungua ya kwanza, ile nzito nyeusi inayozunguka mara 78 kwa dakika, ambayo upande mmoja ni dakika tatu hivi na ikianguka inapasuka kama chungu. Kijana akaipokea kwa mkono mmoja, kidole katikati ya mifereji, akaigeuza kama mtu anayekagua mkate wa jana. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema: “Mama, hii bintu ya kale, hata unatupa, hakuna mutu atalia.”

Nilinyamaza. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilinyamaza. Diski yenyewe ilikuwa “Masanga” ya Mwenda wa Bayeke.

Kwa asiyemjua, Mwenda Jean Bosco ni mtoto wa Bunkeya, kwa Msiri, yule mfalme wa zamani wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine za kurekodi, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi. Hakukuwa na bendi wala ngoma. Ni gitaa moja na vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba kinatembea chini kwenye nyuzi nene, hakiharakishi, kama mtu wa zamu ya asubuhi anayekwenda kazini. Cha shahada kiko juu kwenye nyuzi nyembamba, kinatangulia, kinachelewa makusudi, kinarudi kumkuta mwenzake pale pale alipomwacha. Ukimsikia mara ya kwanza utaapa ni watu wawili. Wapiga gitaa wa Kenya wa wakati ule walimsikiliza mpaka wakachoka kujaribu, na wengine hawakuchoka. Na akiimba anaimba Kiswahili chetu cha huku, bila kukirekebisha kwa ajili ya mtu yeyote.

Siku niliyoambiwa nirudi hapakuwa na umeme. Nikarudi tena, na bado haikuwa tayari. Hilo silihesabu, mji tunaujua. Mara ya tatu nikapewa kle yangu, nikamalizia dola 10, nikaenda nayo moja kwa moja Katuba kwa mjomba wangu. Mjomba ana miaka zaidi ya 80, macho yamepungua, lakini masikio yako salama. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea baba diski, na zamani ukimpigia “Masanga” alikuwa anaitambua kabla hujaondoa mkono kwenye sindano.

Nikachomeka kle kwenye radio, nikakaa karibu yake. Muziki ukaanza. Mjomba akainamisha kichwa, akasikiliza, akasikiliza, halafu akaniuliza: “Ni nani huyu anapiga?”

Nikadhani anatania. Nikaongeza sauti. Kweli gitaa lilikuwapo, na wimbo ulikuwa ule ule, lakini ilikuwa kama mtu anapiga akiwa ndani ya debe la maji. Ile sauti kavu ya kidole kinapong'oa uzi, ile *ta* inayotangulia noti, haikuwapo. Gumba nalo halikuwapo, umebaki mvumo tu. Mkono wa mjomba ulikuwa umelala juu ya goti lake, haukutikisika. Mimi nimekua nikiuona mkono ule ukipiga mapigo ya gumba kwenye goti kila diski hii inapozunguka. Siku ile ulilala.

Nikawarudia kesho yake, nikiwa nimevaa hasira kama kitenge. Patroni akanieleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kwamba wana programu ya kompyuta ya kusafisha, inayoondoa mikwaruzo yote ya diski ya zamani, “ili mama asisikie makelele”. Wamenifanyia bure, kama zawadi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndipo nataka kila mwenye sanduku kama langu aelewe. Mkwaruzo wa diski ni mlio mfupi, mkali, unakuja na kuondoka. Kidole kinachong'oa waya wa gitaa nacho mwanzo wake ni mlio mfupi, mkali, unaokuja na kuondoka. Programu haijui Bunkeya, haijui mtu na vumbi. Ukiiambia iondoe kila kilicho kikali inaondoa vyote. Na juu ya hapo walitumia sindano ya diski za kawaida za plastiki, zile za 33, ambayo ni nyembamba mno kwa mfereji mpana wa diski ya 78. Inateleza chini kabisa ya mfereji ambako vumbi la miaka limelala, inaokota makelele mengi kuliko yaliyomo kwenye wimbo, kisha programu inaitwa kuyafuta makelele ambayo wenyewe wameyaleta. Nilimwuliza kama ana sindano ya 78. Akamtazama kijana, na kijana akatazama dari.

Kwa hiyo nyota moja, na hata hiyo moja ni kwa sababu hakuna sifuri.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Lakini usiku nikafungua ya pili, na lazima niseme ukweli hata kama unaniharibia hasira yangu.

Ya pili ni *Missa Luba*. Kama una nafasi ya kutafuta santuri moja tu ya zamani mwaka huu, tafuta hii, na usiseme ni ya wazee wa kanisa. Ilitoka hapa kwetu Katanga, Kamina, mwaka 1958. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya watoto wa shule na walimu wao, wakaiimba misa ya Kilatini kwa namna ya nyimbo za Baluba na za Kasai, kwa ngoma. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, jina la mfalme wa Ubelgiji, lakini ukiwasikia hakuna mfalme mle ndani. Fikiria ni 1958. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu uliofungua mlango kwa ibada za kienyeji, haujafunguliwa, ulianza 1962. Ngoma kanisani ilikuwa bado jambo la kunong'onezwa, na ruhusa ya Roma kwa misa ya Zaire, yaani misa kwa namna yetu ya Kongo, ilikuja miaka 30 baadaye, 1988. Watoto wa Kamina walikuwa wameshapita.

Upande wa pili wa diski ni nyimbo za kawaida, za arusi, za kazi, za askari. Huko ndiko utamkuta “Banaha”, ambao mpaka leo kwaya za watoto Ulaya wanauimba bila kujua umetoka wapi. Na “Sanctus” iliingia kwenye filamu moja ya Uingereza ya mwaka 1968, vijana wa kule wakaipenda kama muziki wa dansi. Mama yangu aliimba kwaya maisha yake yote, na alisema “Sanctus” hii inamfanya asimame hata akiwa na homa.

Basi nikaipiga saa tano usiku, umeme ulikuwa umerudi, wanangu wamelala. Na ilikuwa hai. Pumzi za watoto kabla ya kuingia ulizisikia. Mtu mmoja akainua sauti peke yake na wengine wakampokea, na nyuma yao mikwaruzo midogo midogo kama mafuta kwenye kikaango, ile ile ninayoikumbuka tangu simenti ya kambini. Mwishoni mwa upande wa kwanza sindano ilifika katikati ikazunguka pale, *chak, chak, chak*, na hakuna aliyeikata. Nililia. Nikawa tayari kufuta kila neno nililoandika na kuwapa nyota tano na kuwaombea baraka.

Asubuhi nikampigia patroni simu kumshukuru. Akaniomba radhi! Akasema hiyo ya pili hawakuwahi kuisafisha, umeme ulikatika kabla hawajafika kwake, kijana akaniwekea vile vile ilivyorekodiwa. Nikitaka niirudishe waisafishe.

Nilikata simu. Walichokisahau ndicho kilichotoka kizima. Sasa mtu atoe nyota ngapi kwa kazi ambayo ni nzuri kwa sababu hawakuifanya?

Ya tatu ilikuwa diski ndogo ya Baba Gaston, Ilunga wa Ilunga, mzaliwa wa Likasi, yule ambaye ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanamjua kwa “Kakolele Viva Krismasi” na wengi wanadhani ni mtu wao. Kabla ya kuhamia kwao alikuwa amecheza huku na bendi yake miaka mingi. Hiyo wameihamisha wastani tu. Bendi nzima ina magitaa, saksofoni na ngoma, na ukipunguza kidogo bado kinabaki kitu. Mwenda hana cha kupunguziwa. Ana vidole viwili.

Niliwarudia mara ya mwisho. Patroni akaniuliza mbele ya wateja: “Kwani mama unataka makelele?” Nikamjibu, ndiyo, nataka makelele yangu yote, niliyalipia. Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na redio yake mapajani hakucheka, alitikisa kichwa akasema “iko sawa, mama”. Nikadai ile rekodi ya kwanza kabla haijasafishwa. Walikuwa wameifuta ili kupata nafasi kwenye mashine. Nikadai waipige upya. Wakakubali, kwa dola 5 zaidi. Nililipa. Nilisimama nyuma ya kijana mwanzo mpaka mwisho, nikiwa nimeishika diski mwenyewe, ukingoni, kwa viganja, mpaka ikalala juu ya mashine. Sindano ni ile ile nyembamba, kwa hiyo kuna mvua kubwa ya makelele. Lakini ndani ya mvua ile vidole vipo. Gumba kipo.

Kijana alisikiliza naye. Sikumwangalia usoni na hakuniomba msamaha, na ile sentensi yake ya kutupa bado iko kifuani mwangu. Kama angesema tu “pole mama, sikuijua”, ningekuwa naandika mambo mengine hapa.

Basi nyota mbili. Kwa diski za 33 nendeni, bei si mbaya na mashine yao inazunguka sawasawa, lakini mwambieni asisafishe. Mwandikieni kwenye karatasi, asaini, kabla hamjatoa avansi. Kwa diski za 78 msiende. Na asiye na diski asikate tamaa. Rekodi za Tracey za wapiga gitaa wa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia, za miaka ya 1950, zimetolewa upya kwenye CD na waliofanya kazi ile walijua wanachoshika. Na kuna albamu ambayo Mwenda aliirekodi Afrika Kusini mwaka 1988, miaka miwili kabla ya ajali iliyomwua kule Zambia. Ilitoka 1994, yeye hayupo. Amezeeka mle ndani, sauti imeshuka, gumba hakijashuka.

Nikaipeleka ile ya dola 5 Katuba. Mjomba hakuuliza ni nani.

Sanduku la baba lina diski moja zaidi ambayo sijaitaja kwa wale watu. Ni ya Edouard Masengo, binamu yake Mwenda, yule aliyehamia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 akawa anaitangaza Coca-Cola kwa gitaa lake, wakati Mwenda anatangaza Aspro, dawa ya maumivu. Nayo ni ya 78. Iko ndani ya gazeti lake, chini ya kitanda changu, na haitoki pale mpaka nimwone mtu mwenye sindano pana, nimwone kwa macho yangu anavyoishika.