Pampu ya insulini: asubuhi moja kati ya Chimala na Makambako

Nimekaa na hasira hii tangu kipupwe kile na bado haijapoa, kwa hiyo anayetafuta maelezo ya saizi ya kioo na rangi za mfuko wake aende akasome kwenye boksi. Mimi nina jambo moja. Pampu, kimashine cha kuvaa kiunoni kinachodondosha insulini mwilini kupitia mrija, iliniambia insulini inaingia, na haikuwa inaingia. Iliniambia hivyo kwa saa kadhaa.

Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa kidato cha pili. Nimeanza na bomba la sindano na kichupa, ile insulini ya mchanganyiko unayoiviringisha viganjani mpaka iwe nyeupe kama maziwa. Baadaye nikahamia kalamu ya kujichoma insulini. Pampu alininunulia kaka yangu kupitia muuzaji mmoja wa Dar, na nilikaa nayo kiunoni miezi saba hivi.

Siku hiyo nilikuwa naenda Iringa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada. Kanula, kale kamrija ka plastiki kanakoingia chini ya ngozi, ilikuwa imetimiza siku tatu, na sikutaka kuibadilisha ugenini, basi nikaibadilisha alfajiri nyumbani Uyole kabla ya kwenda stendi. Nikanywa chai na viazi vya kuchemsha, nikahesabu, nikabonyeza dozi. Pampu ikatetemeka kama kawaida yake, kioo kikaandika dozi imetoka. Nikapanda basi la saa kumi na mbili nikiwa na amani kabisa.

Tulipofika Igurusi kiu ilikuwa imeanza. Chimala mdomo umekauka, nataka kukojoa na hakuna pa kushuka. Nikapima sukari: 19.4, imepanda mno. Nikajipa dozi ya kuishusha, pampu ikapokea, haikulalamika. Tumepita Igawa nikapima tena, 26. Tumbo likaanza kusokota, nikatapika kwenye mfuko wa plastiki mbele za watu. Kengele ya pampu ililia wakati huo, nikiwa tayari nimeinama natapika!

Nataka muelewe kwa nini hili linanichoma hivi. Mtu wa kalamu anayejichoma insulini ya muda mrefu ana akiba chini ya ngozi inayomfikisha karibu kesho yake. Pampu haina akiba hiyo. Imejazwa insulini ya haraka tu, inadondosha kidogokidogo saa zote, na mrija ukiziba au kanula ikikunjika, baada ya saa chache mwili wako hauna kitu. Unaanza kuchoma mafuta, ketoni, yaani asidi inayotokana na mafuta hayo, zinajaa kwenye damu, unatapika, unapumua kama umekimbia mlima. Watu wanakufa kwa hilo. Na mashine ikiwa inadondosha matone madogo, inachukua muda mrefu kugundua kwamba njia imeziba. Insulini ikivujia juu ya ngozi haigundui kabisa. Hilo hakuna aliyenieleza siku ya kunikabidhi.

Kalamu ya dharura nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kibegi, na kibegi konda alikuwa amenipokonya mkononi pale stendi akakitupa kwenye buti, kwamba juu kumejaa. Niliachia. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Nikamwita. Nikamwambia kaka, naomba usimamishe dakika mbili tu, dawa yangu imo kwenye buti. Akajibu, "Dada, buti linafunguliwa Makambako. Kama unaumwa ungebaki nyumbani." Nikamwambia hii ni insulini, nisipoipata nazimia. Akasema kila abiria ana dawa yake, akarudi kukaa karibu na dereva. Mzee mmoja nyuma yangu alimpandishia sauti, "Kijana, huyu ni dada yako!" Hakugeuka. Mama mmoja aliyepandia Chimala akanishika kichwa na kuninywesha maji yake, kifuniko kwa kifuniko, pole mwanangu, pole mwanangu, mpaka tunafika. Sikumuuliza jina. Hilo linaniuma mpaka leo.

Makambako buti likafunguliwa. Kibegi changu kiko chini ya magunia ya mchele wa Mbarali, ikabidi yashushwe manne. Nikajichoma pale pale, nimesimama kando ya tairi, mikono inatetemeka. Kijana wa bajaji akanipeleka hospitali, nikawekewa dripu, nikalala siku mbili. Kipaimara nilikisikia kwa simu. Nesi alipoitoa ile kanula tumboni, aliiinua kwenye mwanga akanionyesha: kale kamrija ka plastiki kamekunjika kama ndoano. Dozi zote za asubuhi ile zilikwama hapo.

Sasa njoo kwa muuzaji. Nilimpigia nikiwa bado kitandani. Swali lake la kwanza: "Mama, ulisoma kijitabu?" Nikamwambia nimesoma. Akasema mashine haina kosa, nikubali tu kwamba mimi ni mwembamba, na kwa watu wembamba kanula ile ya kusimama wima ya milimita tisa hukunjika mara kwa mara. Nikanyamaza. Nikamuuliza, kwa hiyo ulijua? Uliniona dukani kwako, ukaniona nilivyo, ukanifungia maboksi matatu ya kanula hizo hizo? Akasema ndizo zilizokuwepo. Akakata simu.

Ndizo zilizokuwepo!

Nimeirudia sentensi hiyo nikipika, nikifundisha, nikilala. Kwa sababu baadaye sista wa kliniki ya sukari hapa Mbeya aliniambia kwa upole tu, kama kitu cha kawaida, kwamba zipo kanula za chuma, kasindano kadogo kasikokunjika, kanabadilishwa mapema zaidi. Na zipo za plastiki zinazoingia kwa mshazari, ambazo watu wasio na nyama nyingi tumboni wanashauriwa kutumia. Akaniambia pia nisibadilishe kanula nikiwa karibu kulala au kusafiri, nibadilishe saa ambayo nitaweza kupima baada ya saa mbili au tatu na kuona kama insulini inafanya kazi. Mambo manne ya kumwambia mteja. Dakika tano.

Hapo nikaanza kuyumba. Nilikuja kuandika kwamba pampu ni mtego, msiiguse, rudini kwenye kalamu. Na kalamu ni nzuri, naitumia sasa hivi, haijawahi kunidanganya: ukichoma, ukahesabu mpaka kumi bila kuchomoa, imeingia. Bomba nalo silidharau. Insulini ya kwanza kabisa, Januari 1922 huko Toronto, Leonard Thompson mwenye miaka 14 alichomwa kwa bomba, akaishi. Kwa walio vijijini Makete na Ludewa, bomba na kichupa ndicho kinachopatikana na ndicho kinachowaweka hai. Ila chungeni baridi ya huko. Mnaambiwa kila siku kuhusu joto, lakini insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, na shangazi yangu alishaharibu kichupa kizima kwa kukiegemeza kwenye barafu ya friji.

Lakini siwezi kusema uongo juu ya ile miezi saba. Kulikuwa na msiba Tukuyu. Kwa insulini ya mchanganyiko, msibani ni mateso: umechoma asubuhi, saa saba lazima ule, na chakula cha msiba kinatoka saa kumi. Unajificha nyuma ya nyumba unatafuna ndizi watu wakikuona hujali marehemu. Siku ile nikiwa na pampu nilikaa na wafiwa kutwa nzima, nikala ilipofika zamu yetu, nikabonyeza dozi chini ya khanga, na sukari ikabaki 7. Nililia siku ile kuliko wengine, na si kwa ajili ya marehemu peke yake. Miaka yote hiyo sijawahi kukaa msibani kama mtu mzima.

Na usiku. Kwa mchanganyiko nilikuwa naamka saa tisa nimelowa jasho, sukari imeshuka, namtafuta mume gizani anipe soda. Na pampu, baada ya kupunguza dozi ya saa hizo, nililala.

Kwa hiyo, mbovu? Siku ile ilikuwa mbovu. Kinachoniumiza zaidi ni kuuziwa kitu kinachoshika uhai wangu na mtu anayejua kitakunjika, kisha aniulize kama nimesoma kijitabu. Konda nimemsamehe kidogo, yeye hakujua insulini ni nini. Muuzaji alijua.

Pampu iko kabatini, betri nimetoa. Juzi niliitoa nikaishika muda mrefu. Zimebaki kanula nne za milimita tisa ambazo sitaziweka mwilini mwangu hata iweje. Kama yupo mtu Mbeya, Iringa au Njombe anayepata za chuma, anielekeze anakozipata. Nitaanza siku ya Jumamosi, asubuhi, nikiwa nyumbani, kalamu ikiwa mfukoni mwangu.