Fildi ya samaki Kigoma: uzoefu wangu wa wiki nane

Nasoma baiolojia mwaka wa pili na nimemaliza mafunzo yangu ya vitendo Kigoma. Naandika sasa, kabla wenzangu hawajaanza kutuma barua za maombi, maana kuna jambo sikuambiwa na mtu: ratiba ya fildi huku inafuata mwezi wa angani.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika na wewe huna sampuli. Wiki yangu ya pili yote iliishia hapo, nikipanga chupa.

Siku za giza ndizo zenye fildi. Saa kumi na moja alfajiri tuko mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inarudi. Tunachukua sampuli, tunatenganisha dagaa, lumbu (samaki mdogo anayefanana na dagaa) na migebuka wachanga, tunapima urefu na uzito, kisha tunapasua kuangalia mayai yamekomaa kiasi gani. Chuoni nilichora ovari ya samaki nikapata alama nzuri. Mwaloni nilishindwa kutofautisha dagaa mkubwa na lumbu mdogo. Mama mmoja anayeanika dagaa jirani na meza yetu alikuwa akinitazama. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akanyoosha kidole: "Mwanangu, huyo mtoe, ni lumbu huyo." Tulimhakiki kwa hadubini, na kweli alikuwa lumbu. Kila asubuhi nikawa napitisha fungu langu kwake kwanza. Ilichukua karibu wiki tatu macho yangu kuzoea, na hicho ndicho kitu kikubwa nilichotoka nacho Kigoma.

Kasoro zipo, na ziliniuma. Kituo nilichopangiwa kilikuwa na hadubini moja kwa wanafunzi tisa, na ziwani tulitoka mara tatu tu kwa sababu mafuta ya boti hayakuwepo. Nasikitika, kwa kuwa siku hizo tatu zilikuwa na thamani kubwa. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, lakini chini ya mita mia na kitu oksijeni inakwisha, kwa hiyo samaki wote wamebanana tabaka la juu. Nililijua hilo kwa ajili ya mtihani. Chupa iliyopandishwa kutoka mita 250 ilipofunguliwa ikanuka yai viza, harufu ya maji yasiyo na oksijeni, nikaelewa.

Hifadhi ya Gombe tulikwenda siku moja. Sokwe wanaochunguzwa tangu 1960 tuliwaona kwa dakika chache, tena kwa mbali. Kwa anayesoma wanyamapori, aombe nafasi ya peke yake huko.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza mambo mawili: siku ngapi za boti, na uvuvi utakuwa wazi lini. Mwaka 2024 ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ukifika kipindi kama hicho, meza ya mwaloni ni tupu.

Nimeshaomba kurudi kwa mradi wa mwaka wa tatu. Safari hii tarehe nimezichagua kwa kuhesabu siku za giza.