Linux Mint na LibreOffice: saini iliyobaki peke yake ukurasa wa saba

Naandika hasira ikiwa bado haijashuka, kwa hiyo anayetafuta habari za RAM na prosesa aangalie kwingine. Mimi ni mtafsiri, nipo Mwanza, na riziki yangu ni mikataba, hati za kiapo na barua za ofisi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kazi za namna hiyo ndizo zinazonilisha. Kila moja inanifikia ikiwa faili la Word na inatakiwa irudi ikiwa faili la Word. Usumbufu wote ninaoueleza hapa umeanzia hapo.

Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa, tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu yangu ilikuwa mojawapo ya zile ambazo Windows 11 haizitaki. Kioo kizima, betri inakaa, kibodi naijua hata umeme ukikatika, halafu naambiwa nitafute nyingine. Kwa hela ipi? Binamu yangu akaja na flashi jioni moja, akaniwekea Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na chakula cha usiku kilipoiva kompyuta ilikuwa inawaka na mafaili yangu yote yapo.

Sitadanganya, miezi ya mwanzo nilifurahi. Firefox ni ileile niliyoizoea. Barua pepe nikahamishia Thunderbird. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, naitumia kwenye kivinjari, na sijaona nilichopungukiwa. Masasisho yananisubiri mpaka nitakapobonyeza mwenyewe. Mtu anayenunua bando la siku anajua hiyo ina thamani gani, maana nilishawahi kuamka asubuhi nikakuta GB zangu zimeliwa usiku na kompyuta niliyodhani imelala. Na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia ninayoitumia badala ya Word, ilikuwa inafungua kila mkataba niliopewa, majedwali yametulia, namba za vifungu zimekaa. Nikaanza kuwasifia watu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: nilisifia.

Sasa sikieni kilichotokea.

Mzee mmoja wa Misungwi alinipa mkataba wa ubia niutafsiri kutoka Kiingereza. Mzee mstaarabu, ananiita mwanangu, amelipa nusu mapema bila kusumbua. Kazi ilikuwa ya kurasa saba. Nilikesha nayo, nikaisoma mara tatu, nikaituma kwa barua pepe kwenye ofisi ya wakili mjini kama walivyotaka, kwa Word, ili wao wachape na kugonga mihuri. Kesho yake tukaenda pamoja na mzee ili asaini.

Pale mapokezi kulikuwa na kijana. Akachapa, akapanga kurasa, akafika ya mwisho, akaninyanyulia ile karatasi mbele ya watu waliokaa kwenye benchi. Karatasi ilikuwa tupu. Juu kabisa zimekaa sehemu za saini, ya upande wa kwanza, ya upande wa pili na ya shahidi, na hakuna neno lingine la mkataba kwenye ukurasa ule.

“Dada, hii umeifanyia wapi?”

Nikamwambia ofisini kwangu, kwenye Linux.

“Kwenye nini? Kazi za mawakili tumia kompyuta za watu, dada. Hii mtu anaichomoa anaibandika kwenye mkataba mwingine. Mzee, umetapeliwa.”

Umetapeliwa. Alilitamka neno hilo kwa mzee wa watu aliyepanda gari alfajiri na fimbo yake mkononi. Mzee akanigeukia, hakusema kitu, akaniangalia tu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kuniweka kwenye kundi la matapeli. Nikajaribu kueleza kwamba kwangu mistari minne ya kifungu cha mwisho ilikuwa ukurasa uleule wa saini, na nimeiona kwa macho yangu. Kijana keshageukia simu yake. Tukarudi bila kusaini, na nauli ya mzee nikailipa mimi.

Usiku ule nilimwambia binamu yangu aje aitoe Linux yake. Nilikuwa namaanisha. Kama unafanya kazi inayopita kwenye mikono ya watu wengine, niliwaza, usiguse kitu hiki, kaa na walichonacho wao.

Binamu alikuja, ila kabla ya kutoa chochote akanifungulia faili la mzee na kuniambia niangalie kisanduku cha juu kinachoonyesha jina la fonti, yaani mtindo wa herufi. Kilikuwa kimeandikwa Aptos, kwa italiki. Nilikuwa nimeiona italiki ile wiki nzima nikadhani ni urembo. Kumbe LibreOffice inapolaza jina la fonti namna ile inakuambia fonti hiyo haipo kwenye kompyuta yako na imeazima nyingine badala yake. Basi, onyo lenyewe ndilo hilo, herufi kulala kidogo! Mtu aliyehamia juzi atalijuaje?

Akanieleza kwa nini mikataba ya mwanzo ilitoka salama. Word tangu toleo la 2007 ilikuwa inaanza na Calibri. Linux haina Calibri, lakini ina Carlito, iliyochongwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa herufi ya Calibri. Mstari ukiishia kwenye neno “mkopeshaji” kwao, na kwangu unaishia hapohapo. Times New Roman nayo ina mwenzake, Liberation Serif, vipimo sawasawa. Mwaka 2023 Microsoft ikaanza kuiweka Aptos mahali pa Calibri, na Aptos haina pacha wa namna hiyo kwenye kompyuta yangu. Iliyoazimwa ilikuwa pana zaidi. Kwangu maneno yakatanuka, mistari minne ya mwisho ikamwagikia ukurasa wa saba, ikakaa vizuri juu ya saini. Kwao Aptos halisi ikayabana maneno, mkataba wote ukaishia chini kabisa ya ukurasa wa sita, saini zikabaki peke yake.

Nilisoma ushauri wa watu: weka kifurushi cha fonti za Microsoft, mambo yataisha. Nikakiweka, na bando likaenda. Ndani mna Arial, mna Times New Roman, mna fonti za zamani za familia hiyo. Calibri hamna. Aptos hamna. Wanaotoa ushauri huo wangekuwa wanafungua mikataba ya watu wangejua. Nikahamia OnlyOffice, programu nyingine ya kuandikia, kwa sababu yenyewe imejengwa juu ya muundo wa Word tangu mwanzo, na kweli sura yake inafanana na Word na majedwali magumu inayashika vizuri. Nikafungua faili la mzee. Mistari minne, ukurasa wa saba, vilevile. Fonti isiyopo haipo, ubadilishe programu ngapi.

Hapo nikataka kurudi Windows moja kwa moja. Kilichonizuia ni jambo moja ambalo sikutegemea kulitetea humu.

Ni kikagua tahajia. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili, unaiwasha unaendelea na kazi. Maneno marefu ya kisheria huyapigia mstari mwekundu hata yakiwa sahihi, nami huyaongeza moja moja, na sasa kamusi yangu imeshiba. Lakini inanikamata ninapoandika “mkopehaji” saa nane za usiku, na kosa kama hilo kwenye mkataba linamwaibisha mtafsiri kuliko ukurasa mtupu. Wengi hawajui kwamba Kiswahili kina historia na programu hizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili, na OpenOffice ndiyo ambayo LibreOffice ilichipuka kutoka kwake mwaka 2010. Nilipolijua hilo, hasira ilipungua kidogo. Kuna watu walikaa wakatafuta neno la kila kitufe kwa ajili ya wasemaji kama mimi, na mtafsiri anajua hiyo ni kazi ya usiku mingapi.

Kisha nikagundua jambo lililonichanganya kabisa. Kwenye mipangilio ya aya kuna alama ya kuifunga aya na ile inayoifuata, zisitenganishwe kurasa. Ningeiweka kwenye kifungu cha mwisho, mistari yake ingeshuka na saini popote faili lilipofunguliwa, fonti iwe Aptos au iwe nini. Na mkataba ule wa Kiingereza, ulioandikwa kwenye hizo “kompyuta za watu”, haukuwa na alama hiyo. Wangeongeza kifungu kifupi tu au wangebadilisha ukubwa wa karatasi, saini zingebaki peke yake hata kwao. Kwa hiyo lawama niliyoanza nayo naiondoa. Si Linux iliyoivunja kazi ya mzee. Ingawa nikiikumbuka ile karatasi hewani, na neno lile, natamani kuirudisha.

Kwa hiyo nishauri nini? Kwa mwenye kazi zake mwenyewe, anayeandika, anachapa na kutuma PDF, hamia hata leo, PDF inabeba fonti zake na haichezi. Kwa anayerudisha mafaili ya Word kwa watu, usihame kwa maneno ya mtu, hata yangu. Linux Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Chukua faili baya kuliko yote uliyowahi kupewa na mteja, lifungue humo, angalia jina la fonti kama limelala, hesabu kurasa. Mimi sasa faili la Aptos likiingia nampigia mteja kwanza, namwambia naligeuza liwe Times New Roman, anakubali, ndipo naanza. Na aya ya mwisho naifunga na saini kabla sijatafsiri hata neno moja.

Mkataba wa mzee niliurudia hivyo, nikaupeleka mwenyewe, bila yeye. Kijana yuleyule alichapa, akaruka moja kwa moja hadi ukurasa wa saba, akasoma mistari iliyo juu ya saini, akagonga mhuri wa kupokea, akanisukumia nakala yangu. Nikasimama pale kaunta kidogo, nikidhani ana neno la kuniambia. Akaita, “Anayefuata.” Mzee alisaini siku mbili baadaye na amenimalizia hela yangu yote. Ile “umetapeliwa” haijaombewa radhi mpaka leo, na kazi za ofisi ile sizichukui tena.