Nucleo-F401RE kwa anayesoma mifumo ya wakati halisi

Kama uko mwaka wa tatu au wa nne wa uhandisi wa kompyuta hapa Dar na somo la mifumo ya wakati halisi limekufikia, bodi ya kununua kwa hela yako mwenyewe ni Nucleo-F401RE ya STMicroelectronics. Nimeitumia semista nzima chumbani kwangu Sinza, na mradi wa kumalizia chuo nauendesha juu yake.

Kwanza tuelewane tunasoma nini. Mita ya LUKU ni kompyuta iliyopachikwa, ila ikichukua sekunde mbili tatu kukubali tokeni yako ya tarakimu 20, hakuna anayeumia. Breki za ABS zikichelewa hata kidogo, jibu sahihi limeshageuka kuwa jibu baya. Kwenye somo hili muda ni sehemu ya jibu, kwa hiyo bodi ya kujifunzia lazima ikuruhusu kuupima.

Hapo ndipo Arduino Uno inapofikia mwisho wake. Naiheshimu, wengi tumeanzia hapo. Lakini ile ya kawaida (R3) ni chipu ya biti 8, megahezi 16, RAM kilobaiti 2. Ukianza kugawa staki, yaani kipande cha RAM cha kila taski, kwa taski (kazi zinazoendeshwa kwa kupokezana) nne au tano, kumbukumbu imekwisha. Na ukitaka kujua programu inafanya nini, wengi tunachapisha maneno kwenye seriali, njia ya kutuma data biti moja moja kwenda laptopu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja tu inakula karibu milisekunde nzima, yaani kipimo chenyewe kinaharibu unachokipima.

Nucleo ina prosesa ya Cortex-M4 ya megahezi 84, flashi kilobaiti 512, RAM kilobaiti 96, na dibaga, kifaa cha kuchungulia programu inapoendeshwa, imo humohumo kwenye bodi. Unachomeka kebo moja kwenye laptopu, unasimamisha programu katikati, unaangalia rejista na vigezo, unaendelea. Umeme wa bodi unatoka kwenye kebo hiyohiyo, kwa hiyo TANESCO wakikata, unaendelea na kazi mpaka betri ya laptopu iishe.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kihesabu cha mizunguko ya saa ya prosesa kilicho ndani ya chipu, kinaitwa DWT. Unakisoma kabla ya kazi, unakisoma baada, unatoa. Mizunguko 84 ni mikrosekunde moja. Kina biti 32, kwa hiyo kinajaa na kurudi sifuri kila baada ya sekunde 51 hivi. Niliwahi kupima taski ya kusoma sensa ya joto: karibu kila mara namba ilikuwa ileile, halafu ghafla inaruka mara tatu yake, kwa sababu intarapti ya seriali, yaani ishara inayoikatiza prosesa ishughulikie seriali kwanza, imeingia katikati. Kanuni ya Liu na Layland ya mwaka 1973 tunaikariri wote: taski yenye kipindi kifupi ipewe kipaumbele cha juu, na matumizi ya prosesa yasipozidi asilimia 69 hivi, kila taski itawahi, hata ziwe nyingi kiasi gani. Ila muda unaoingia kwenye kanuni ni ule mrefu kabisa, wala si wastani. Nilipoiona ile namba ikiruka ndipo nilipoelewa kwa nini.

Juu yake naendesha FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo wa kupanga taski, ambao ni wa bure. Jaribio ambalo kila mwanafunzi alifanye ni kuiga tatizo lililoipata Pathfinder, chombo kilichotua Mars Julai 4, 1997, kisha kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Taski ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishika kufuli (ruhusa ya kutumia kitu cha pamoja), taski ya juu ikawa inalisubiri, na taski za kati zikapita zikala muda wote. Tengeneza taski tatu za namna hiyo, ya juu iwe ndiyo inayowasha na kuzima taa ya kijani ya bodi. Ukitumia semafori ya kawaida kama kufuli, taa inaganda. Badilisha iwe myuteksi, aina ya kufuli ambayo humrithisha aliyeshika kufuli kipaumbele cha anayemsubiri, na taa inarudi kupepesa kwa wakati. Wahandisi wa NASA walifanya jambo hilohilo kutoka duniani: waliwasha urithi wa kipaumbele.

Jiandae na mkanganyiko mmoja: kwenye FreeRTOS, taski yenye namba kubwa ndiyo ya juu, kwenye intarapti za Cortex-M, namba ndogo ndiyo ya haraka zaidi. Andika ukutani.

Kasoro zipo. Programu yake ya kuandikia kodi ni nzito, inakula bando vibaya. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Kodi inayojitengeneza yenyewe humo inaficha mengi, kwa hiyo fungua mwongozo wa RM0368 usome rejista mwenyewe. Pini nyingi zinavumilia volti 5 zikiwa za kidijitali, lakini kwenye analogi mwisho ni 3.3. Wi-Fi haina. Anayetaka Wi-Fi achukue ESP32, bodi nzuri, ingawa kwa kupima muda zile kori mbili na kazi za redio zinamchanganya anayeanza.

Kuipata ndiyo shida. Kariakoo nimekuta Arduino na ESP32 kwa wingi, Nucleo sikuiona. Duka moja liliniuzia ile bodi ndogo ya bluu yenye STM32F103 kama mbadala wa bei poa. Chipu ikawa ya kuiga, dibaga ikaikataa. Nucleo nilimwagiza ndugu aliyekuwa anarudi kutoka safari. Kwa bei ya nje ni dola kumi na kitu, kabla ya usafiri. Ukiagiza, weka na kebo ya mini-USB kwenye mzigo huohuo, maana madukani sasa zimejaa za Type-C, na hakikisha inapitisha data. Nyingine ni za kuchajia tu.