Sailensa kwa Bunduki ya Nyati na Tembo: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Anayetafuta sailensa, kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, ya kuwindia swala ana kazi rahisi. Kaliba, yaani unene wa risasi, ni ndogo, mnyama yuko mita 200, na akimkosa, swala hukimbia zake. Kwa nyati, tembo, simba au kiboko hesabu ni nyingine: masafa ni mita 30 au 60 ndani ya vichaka, risasi ni nene, baruti ni nyingi, na mnyama aliyejeruhiwa anaweza kukujia kabla hujavuta bolti (mkono wa kuingiza risasi mpya) mara ya pili. Ndiyo maana sikuzipanga hapa kwa kuangalia ipi iko kimya zaidi. Nimeuliza jambo moja: ikiwa na mzigo huo mdomoni, bunduki bado inageuka upesi mkononi?

Tuondoe kwanza uongo wa sinema kwamba sailensa huzima sauti yote. Namba kama .375 ni kaliba kwa inchi. Bunduki ya .375 H&H hurusha risasi ya greni 300 (kama gramu 19) kwa takriban mita 770 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti. Mpasuko wa risasi hewani haumezwi na sailensa yoyote. Kinachomezwa ni mlipuko wa gesi kwenye mdomo wa mtutu. Bunduki za namna hii hupita desibeli 160 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sailensa nzuri hupunguza 20 hadi 30 hivi na kukuacha jirani na 140, kiwango ambacho ukikivuka, mlio mmoja tu waweza kudhuru sikio. Kwa hiyo kwenye uwanja wa shabaha bado unavaa vikinga masikio.

Faida yake ni nini basi? Masikio, yako na ya msoma nyayo aliyesimama hatua moja kando yako, ambaye mara nyingi hana chochote masikioni. Teke la begani nalo hupungua, na mtu asiyeliogopa teke hafumbi macho anapovuta kifyatulio. Lakini ninayoiweka juu ya zote ni hii: baada ya risasi ya kwanza bado unamsikia mwindaji bingwa anayekuongoza akisema "Piga tena!", na unasikia matawi yakivunjika upande ambao mnyama ameelekea.

Kabla ya kutazama chapa, soma karatasi ya mtengenezaji

Kosa linalowagharimu wanunuzi ni kudhani kwamba tundu likitosha, basi sailensa inafaa. Risasi ya .45-70 na ya .458 Lott zina kipenyo kilekile, milimita 11.6. Lakini kwa viwango vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani, presha ya juu kabisa ya .45-70 ni psi 28,000 (paundi kwa inchi mraba), na ya .458 Lott ni psi 62,500. Sailensa iliyoandikwa "46" inaweza kuipitisha risasi ya Lott bila kuigusa na bado isiwe imeundwa kustahimili gesi yake. Tafuta jina la risasi yako hasa kwenye orodha ya mtengenezaji, pamoja na urefu mdogo kabisa wa mtutu unaoruhusiwa. Kama jina halimo, mwandikie. Jibu la "nadhani itafaa" kutoka kwa muuzaji si jibu.

La pili ni tredi, yaani mifereji ya skrubu mdomoni mwa mtutu inayoishika sailensa. Tredi ya inchi 5/8 imezoeleka sana, na kwa kaliba ndogo haina neno. Ikichongwa kwenye mtutu wa .458, ukitoa tundu na kina cha tredi, ukuta wa chuma unaobaki ni milimita moja na nusu tu. Huo ni ukuta mwembamba mno kwa silaha inayopiga teke hivyo. M18x1, tredi ya milimita 18, hukuachia takriban milimita mbili na nusu, na kwa .416 kwenda juu mimi nisingekubali ndogo kuliko hiyo. Fundi lazima achonge kwa kufuata tundu la mtutu, si umbo la nje, kwa sababu viwili hivyo havilingani kila mara. Akimaliza, mwombe aingize fimbo ya kupimia ndani ya mtutu hadi itokeze mbele ya sailensa. Chungulia: pete ya mwanga kuizunguka fimbo iwe na upana uleule pande zote. Ikiwa nyembamba upande mmoja, usipige hata risasi moja, maana siku moja risasi itagonga kuta za ndani.

Nafasi ya kwanza: sailensa inayorudi nyuma juu ya mtutu

Sehemu kubwa ya mwili wake hukaa nyuma ya mdomo, ikiuzunguka mtutu, hivyo urefu unaoongezeka mbele ni kama sentimita 10 badala ya 20. Uzito nao husogea karibu na mkono wa mbele, na hapo ndipo tofauti inapoonekana unapolazimika kuitoa bunduki begani ghafla kati ya miti. Watengenezaji wa Skandinavia na New Zealand wameizoea sana aina hii. Hausken na A-TEC wa Norway na DPT wa New Zealand ni majina ya kuanzia. Kwa .375 H&H na 9.3x62 (hii hupimwa kwa milimita), ndiyo chaguo langu bila kusita.

Ina masharti, lakini. Bunduki za wanyama wakali mara nyingi zina mtutu mnene na pete ya mkanda iliyofungwa mtutuni. Pima kipenyo cha mtutu sentimita 15 nyuma ya mdomo kabla ya kuagiza. Shabaha ya mbele ya chuma, kijipande cha kulengea kilicho juu ya mdomo wa mtutu, nayo italazimika kutoka. Kumfuata nyati aliyejeruhiwa vichakani kwa darubini ya kukuza mara nne na zaidi ni kujitafutia balaa. Kwa hiyo weka darubini inayoanzia mara moja, au doti nyekundu (kilengeo chenye nukta ya mwanga) iliyoinuliwa vya kutosha kuona juu ya sailensa.

Nafasi ya pili: fupi ya titani kwenye mtutu uliokatwa

Hapa sailensa nzima iko mbele ya mdomo, kwa hiyo mtutu hupunguzwa hadi sentimita 50 hivi ili urefu wote ubaki uleule wa zamani. Mwendo wa risasi hupungua kidogo, jambo ambalo kwa mita 50 nyati hatalitambua. Titani ni nyepesi, ila kwenye mtutu mfupi hutoa cheche zinazoonekana. Nyasi zikiwa zimekauka, litilie maanani hilo. Ya chuma cha pua hudumu zaidi, lakini gramu mia kadhaa za ziada mdomoni utazihisi ifikapo saa sita mchana.

Nafasi ya tatu: vikinga masikio vya elektroniki, bila sailensa

Kwa mwenye bunduki ya mitutu miwili, hii ndiyo nafasi ya kwanza. Mitutu hiyo huunganishwa kiwandani ili risasi zake zikutane sehemu moja, na kuining'inizia uzito mdomoni ni kuharibu kazi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa .458 kwenda juu, ambako sailensa iliyoidhinishwa ni ngumu kupatikana. Vya kuingia ndani ya sikio hukuza minong'ono na kukata mlio wa risasi, wala havikwaruzi kitako cha bunduki. Walinunulie na wasoma nyayo.

Za kuacha

Sailensa za alumini za bei nafuu zilitengenezwa kwa kaliba ndogo; gesi ya .416 huila alumini. Ndefu za kulengea masafa marefu zibaki uwanjani. Breki ya mdomo wa mtutu, kipande chenye matundu ya kutolea gesi, ndiyo naiweka mwisho kabisa: hupunguza teke, kweli, lakini humwaga mlipuko pembeni, moja kwa moja kwenye masikio ya wenzako. Wawindaji bingwa wengi hawataki kuiona.

Kibali, kisha majaribio

Norway, Finland na New Zealand hukihesabu kifaa hiki kuwa cha kawaida cha mwindaji. Marekani hukisajili chini ya sheria ya mwaka 1934. Kwingine ni marufuku, na hoja moja inayotolewa ni kwamba askari wa wanyamapori hutegemea mlio kumnasa jangili. Pata kwa maandishi ruhusa ya nchi unayokwenda kuwinda na ya kila nchi utakayopitia, ndipo ulipe.

Ikishafika, rekebisha shabaha upya kwa risasi zilezile za safari, kwanza mita 25, kisha 50 na 100. Ivue, piga tena, uandike risasi zimehamia wapi, maana siku tredi ikiharibika porini utaihitaji namba hiyo. Kagua mkazo wake kila asubuhi ikiwa baridi. Jioni ivue na uiache wazi ikauke. Unyevu na masizi vikilala ndani ya mdomo wa mtutu, kutu haichelewi.